Jiwe Lililovunjika Bado Halijasema Nani Alilivunja

Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, mtu aliyesoma habari za zama za mawe za Afrika Mashariki alifundishwa kwamba utamaduni wa kwanza kabisa wa zana uliitwa Kafuan. Jina lilitoka Mto Kafu, Uganda, ambako E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia wakati wa ukoloni, alikusanya kokoto za mtoni zilizobanduka upande mmoja au pande mbili. Kokoto hizo zikachorwa na kupangwa kwa hatua, kuanzia ya awali mpaka iliyoendelea, na mwaka 1952 C. van Riet Lowe wa Afrika Kusini akazichambua kwa urefu kama kazi ya mikono ya watu waliowatangulia wale wa Olduvai. Halafu mwaka 1958 J. Desmond Clark akaonyesha kuwa kokoto za namna hiyohiyo zinapatikana katika korongo la Batoka, chini ya Maporomoko ya Victoria, zikiwa zimevunjika zenyewe. Mwaka uliofuata W. W. Bishop akayapitia upya mabonde ya Kafu, tabaka zake na kokoto zake, na utamaduni mzima ukafutika vitabuni. Watu wa Kafuan hawakuwahi kuwapo. Palikuwa na mto tu.

Naanza na Kafu kwa sababu waliokosea pale walikuwa wataalamu. Wayland aliijua miamba ya ukanda huu kuliko karibu kila mtu wa wakati wake. Kilichoponza ni njia: jiwe lilihukumiwa kwa sura, moja moja, likiwa mkononi mwa mtu, mbali na pale lilipolala. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo hapa Tabora na Kigoma kila mtu anapookota jiwe lenye ncha shambani, akalipiga picha kwenye simu na kuuliza kama si shoka la mtu wa kale. Wengine hujibu ndiyo kwa sababu linafanana na picha ya kitabu cha kidato cha kwanza. Wengine hujibu hapana kwa sababu halifanani nayo. Majibu yote mawili hayana msingi, na kwa mikoa yetu hasara yake ni kubwa kuliko kwingine.

Tazama ramani ya maeneo ya kale ya Tanzania. Kaskazini alama zimejazana: Olduvai, Laetoli, Peninj, Eyasi. Katikati ipo Kondoa, yenye michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kule Iringa kuna Isimila. Magharibi ni karibu patupu. Kigoma hutajwa kwa Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na kwa chumvi ya Uvinza, ambako John Sutton na Andrew Roberts walichimba katika miaka ya 1960 wakakuta kazi ya kuchemsha maji ya chumvi iliyoanza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tabora hutajwa kwa Mirambo, kwa Isike, kwa misafara na kwa Kwihara. Ukirudi nyuma ya hapo, unakuta kimya.

Kimya hicho kina sababu zake, na hakuna hata moja inayosema kwamba hapakuwa na watu. Kule Olduvai, volkano zilimwaga majivu tabaka juu ya tabaka, na majivu hayo ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi mwaka 1961 kutangaza umri wa takribani miaka milioni 1.75 kwa tabaka lililotoa fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Udongo wa kule pia umehifadhi mifupa. Sisi tumekaa juu ya graniti kongwe na mchanga wa miombo, ardhi yenye asidi inayoila mifupa, na hatuna majivu ya kutupa tarehe. Korongo lililochongwa wima likaweka historia wazi hatuna pia. Tuna vichaka, vichuguu na tambarare. Upande wa Kigoma, Ziwa Tanganyika limewahi kushuka kwa mamia ya mita nyakati za ukame mkali wa kale, maana yake fukwe ambako watu wangeweza kukaa zamani hizo leo ziko chini ya maji. Na kusini mwa ziwa hilohilo, Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yalitoa mwaka 2023 habari iliyoshangaza dunia: magogo mawili yaliyokatwa na kupachikwa pamoja miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Sioni sababu ya kuamini kwamba watu wenye akili ya namna hiyo waliishia Kalambo, wasipande kando ya ziwa wala kuingia Ugalla.

Kwa hiyo huku magharibi shahidi wetu ni jiwe, na mara nyingi ni jiwe peke yake. Ndiyo maana tunapaswa kujua kulisoma vizuri kuliko watu wa Arusha.

Kubandua jiwe ni kazi yenye masharti. Mtu hawezi kupiga popote. Anatafuta ukingo ambapo uso wa juu na uso wa pembeni vinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90, kisha anagonga kwa jiwe jingine ndani kidogo ya ukingo huo. Nguvu ya pigo inaingia ndani na kusambaa kwa umbo la pia, na kipande kinatoka. Mwenye chupa nene iliyogongwa ukingoni anaweza kuona jambo hilohilo kwenye kioo. Kibanzi kilichotoka hivyo kina kitako kidogo palipopigwa, chini ya kitako kuna kivimbe, na kutoka kwenye kivimbe yanashuka mawimbi hafifu kama ya maji yaliyotupiwa kitu. Kwenye jiwe mama linabaki shimo linalolingana na kivimbe hicho. Ukigeuza kibanzi upande wa mgongo, mara nyingi unakuta makovu ya vibanzi vilivyotangulia, vingi vikiwa vimetoka upande uleule.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo kosa linapoingia. Kivimbe kimoja hakimtaji mtu. Jiwe likidondoka kutoka juu ya mwamba na kugonga jingine kwa pembe nzuri, litatoa kibanzi chenye kivimbe kizuri kabisa. Asili haina mkono, lakini ina muda usio na kikomo na mawe yasiyohesabika, na katika mapigo mamilioni yatapatikana machache yaliyofanana na ya fundi. Ulaya walijifunza hili kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 19, Benjamin Harrison, mwenye duka katika kijiji cha Ightham kule Kent, Uingereza, alikusanya gumegume, mawe magumu yanayopasuka kama kioo, nyingi zikiwa zimechanika kingo, akaamini ni za watu wa kale mno, na wasomi wakubwa wakamuunga mkono. Mwaka 1905 Mfaransa Marcellin Boule alitazama mitambo ya kiwanda cha saruji kule Mantes ikivuruga chaki yenye gumegume ndani yake, na ikatoa vipande vilevile ambavyo watu walikuwa wakiviweka kwenye makabati ya makumbusho.

Mwaka 1939 Alfred Barnes aliligeuza bishano hilo kuwa kipimo. Alipima pembe kati ya uso uliopigwa na kovu lililobaki, kwenye mikusanyo ya zana zisizo na shaka na kwenye mawe yaliyovunjwa na asili. Akakuta kwamba kwenye kazi ya binadamu pembe butu, yaani zile za nyuzi 90 na zaidi, hazivuki robo ya makovu yote. Kwenye kazi ya asili zinavuka mbali. Sababu inaeleweka: fundi anatafuta pembe kali kwa sababu ndiyo inayotii, ilhali mto hautafuti chochote. Wataalamu wa baadaye wameona udhaifu katika kipimo hicho, hasa kwa miamba isiyo gumegume, lakini wazo lake la msingi nalikubali kabisa. Barnes hakuhukumu jiwe moja. Alihukumu kundi. Ukiwa na mawe mia kutoka sehemu moja na sitini yakaonyesha uchaguzi uleule wa pembe na mwelekeo uleule wa mapigo, una jambo la kuzungumza. Ukiwa na moja zuri ulilolichagua kati ya mia, una bahati tu, au macho yako yamekuchagulia.

Sasa tuje kwenye kwatzi, maana hapa ndipo Tabora inapotofautiana na vitabu.

Picha tulizozoea ni za Isimila: mashoka ya mkono makubwa, yenye umbo la tone, pande mbili zinazolingana. Kuna haki ya kujivunia Isimila, ila imetuharibia macho. Mwanafunzi wa Nzega au Sikonge anatoka darasani akiamini zana ya kale ni kitu cha ukubwa wa kiganja chenye ulinganifu. Ardhi anayoikanyaga imejaa kwatzi, mawe meupe yanayotoka kwenye mishipa iliyopenya graniti, na kwatzi haipasuki kama gumegume. Ina nyufa za ndani. Ukiipiga inaweza kukatika katika ufa badala ya kufuata pigo lako. Kivimbe hakionekani, mawimbi hayaonekani, kipande kinatoka na pembe tatu au nne zisizo na mpango. Watu wa Zama za Mawe za Mwisho waliifahamu tabia hiyo wakaitumia kwa namna yake: kokoto ndogo iliwekwa juu ya jiwe kubwa, ikapondwa kutoka juu, nguvu ikaingia pande zote mbili. Alama zake ni tofauti na nilizozieleza hapo juu. Vipande vinatoka vimenyooka, visivyo na kivimbe, na ncha mbili zinazokabiliana zimesagika, moja kwa pigo na nyingine kwa jiwe la chini.

Kwa mtu mwenye picha ya Isimila kichwani, hayo ni takataka. Hapo tunapata kosa la pili, ambalo nalihofia zaidi kuliko la Kafu. La Kafu liliita mto binadamu. Hili linaita binadamu kokoto. La kwanza lilirekebishwa kwa kurudi kutazama. La pili halirekebishiki, kwa sababu kilichoitwa kokoto kimeshasombwa na lori.

Lakini kwatzi ina alama moja ninayoithamini kuliko zote. Mafundi wa zama hizo walitengeneza vipande vidogo sana, vya sentimita moja mpaka tatu, vyenye umbo la mwezi mwandamo: upande mmoja umeachwa mkali, upande wa mgongo umechongwa kwa vipigo vidogo vya mfululizo hadi ukawa butu, ili upachikwe kwenye mti kwa ulimbo. Mguu wa ng'ombe hauwezi kutengeneza hilo. Unaweza kuchana ukingo, lakini utachana hapa na pale, kwa pembe mbalimbali, juu na chini, na hautaacha ukingo mmoja mkali bila kuugusa huku ukimaliza mwingine kwa nidhamu. Ukikuta vipande vitatu vinne vya namna hiyo mahali pamoja, simama.

Mkanganyiko mwingine wa Tabora hautoki kwa asili kabisa. Unatoka kwetu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega na Igunga wanafuata mishipa ya kwatzi, wanaivunja kwa nyundo, wanachagua mawe yenye dalili, wanatwanga, wanaosha, na pembeni mwa maduara yao wanaacha marundo ya vipande vyeupe vyenye makali. Kandokando ya barabara akina mama wanaponda kokoto kwa nyundo za mkono, kazi ngumu yenye ujira mdogo, na kila pigo lao linatoa vibanzi vyenye kitako na kivimbe kama vile nilivyovieleza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mawe yaliyopasuliwa yamemwagwa kwenye tuta lake. Vyote hivyo ni kazi ya binadamu. Kivimbe ni cha kweli, pigo ni la kweli, nia ni ya kweli. Umri ndio mdogo.

Kuvitenganisha kunahitaji uvumilivu. Nyundo ya chuma inaponda palipogongwa, na mara nyingine inaacha mstari wa kijivu au wa kutu wa chuma chenyewe. Mponda kokoto anataka ukubwa unaolingana, hahitaji makali. Rundo lake lina vipande vinene, vya saizi moja, vyenye pembe za wima. Fundi wa kale alitaka makali, hivyo rundo lake lina vibanzi vyembamba vya kila saizi mpaka vumbi, pamoja na mawe mama yaliyochoka. Kuhusu weupe na ung'aavu wa jiwe, tuwe waangalifu. Gumegume hushika utando wa uzee, kwatzi haishiki sana. Rangi nyekundu au ya hudhurungi unayoiona kwenye kwatzi mara nyingi ni madini ya chuma ya udongo yaliyoingia kwenye nyufa, na inaeleza zaidi habari za udongo kuliko umri wa pigo. Kingo zilizolainika zinasaidia. Kovu lililo safi juu ya jiwe lililochakaa kote kwingine linasaidia zaidi, kwa sababu linaonyesha mapigo mawili ya nyakati mbili.

Nguvu nyingine za asili nazitaja kwa haraka. Moto wa mwituni unaopita kwenye miombo kila kiangazi hupasua mawe kwa joto, na vipande vinavyoruka vinaacha vishimo vya duara visivyo na palipopigwa. Jiwe la moto halina kitako. Graniti inajimenya magamba kwa kuchoka na jua la mchana na baridi ya usiku. Malagarasi inavingirisha kokoto na kulainisha kingo, mawimbi ya Tanganyika yanagonganisha mawe ya ufukweni siku zote, na ufukwe wa mawe kati ya Kigoma na Gombe una vipande vingi vilivyobanduka ambavyo havihitaji mtu. Mchwa wanastahili neno la ziada. Wanapandisha udongo laini juu kidogo kidogo, mawe wasiyoweza kuyabeba yanashuka, na baada ya muda mrefu unapata mstari wa mawe chini ya ardhi ukionekana kama sakafu waliyokanyaga watu. Zana za miaka elfu tatu na za miaka elfu hamsini zinaweza kulala bega kwa bega kwenye mstari huo. Anayezikuta kwenye ukuta wa shimo la choo anadhani ni kambi moja.

Kwa Kigoma kuna swali lingine, la ndani zaidi. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe wa Gombe akiingiza kijiti kwenye kichuguu na kuvulia mchwa, na tangu hapo hatuwezi tena kusema kwamba zana ni alama ya binadamu peke yake. Mwaka 2007 watafiti waliripoti kuwa sokwe wa Ugalla huchimbua mizizi kwa vijiti na magome. Sokwe wa Gombe hawapasui njugu kwa mawe kama wanavyofanya wenzao wa Afrika Magharibi, hivyo hawatuchanganyii mawe. Wanyama wengine wanachanganya. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa nyani wadogo wa Serra da Capivara, Brazili, wanagonganisha mawe kwa sababu zao na kuacha vibanzi vyenye kivimbe, ambavyo hawavitumii hata kidogo. Mwaka 2023 ikaja habari ya nyani wa Thailand: wanapasua mbegu za michikichi kwa mawe, jiwe likikosea njugu na kugonga jiwe la chini, vibanzi vinaruka, na baadhi haviwezi kutofautishwa kwa urahisi na vile vya zama za mwanzo za binadamu.

Wapo waliolichukulia hilo kuwa pigo kwa elimu ya zana. Mimi nalichukua kama msaada. Linatulazimisha kukubali kwamba kibanzi peke yake hakitoshi kamwe, na kwamba jibu lazima litafutwe kwenye uhusiano wa mawe na mawe, na wa mawe na mahali. Nyani wa Thailand hachagui jiwe bora kutoka mbali ili alibandue. Hazungushi jiwe mama ili kupata pembe mpya baada ya ile ya kwanza kuchoka. Binadamu wa kale alifanya yote mawili, na matendo hayo yanasomeka.

Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, ni mfano mzuri. Sonia Harmand na wenzake walipotangaza mwaka 2015 zana za miaka milioni 3.3, mawe yenyewe yalikuwa makubwa na ya kutisha kwa ukosefu wa ustadi. Baadhi yana uzito wa kilo kumi na kitu. Kwa sura tu, mtu angeyatupa. Kilichowapa nguvu ni kwamba mawe yalichimbwa kwenye tabaka lake, pahali pasipo na mkondo wenye uwezo wa kusukuma mawe ya ukubwa ule, na kibanzi kimoja kilirudi kwenye jiwe mama lake kikakaa sawasawa. Kibanzi kinachorudi mahali pake kinathibitisha kwamba pigo lilipigwa palepale na hakuna mto uliowatenganisha.

Upande wa pili kuna Calico, California. Louis Leakey, mtu aliyeijua Olduvai kwa miaka mingi, aliunga mkono uchimbaji ulioanza pale mwaka 1964 akiamini mawe yaliyobanduka ni ya watu wa kale sana Marekani. Mkewe, Mary, hakukubali, na wataalamu wengi wakafuata upande wake: mawe yalitoka kwenye lundo kubwa la kokoto zilizoshushwa na maji kutoka milimani, na yaliyofanana na zana yalichaguliwa kutoka kati ya maelfu yasiyofanana. Uzoefu wa Leakey haukumsaidia, kwa sababu mahali palikuwa pameshajibu.

Haya yananifikisha kwenye jambo ninalolitaka. Tuache kuokota. Jiwe lililookotwa bila kuandikwa lilipolala limepoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake, na kwa kwatzi ya Tabora limepoteza karibu wote, maana sura yake peke yake haitamshawishi mtu yeyote. Kabati la shule lenye mawe ishirini yasiyo na maelezo linafundisha watoto kupenda sura, kosa lilelile la Kafu. Ukiona kitu, weka kalamu pembeni yake kwa kipimo, piga picha kikiwa chini, piga nyingine ya eneo zima, washa ramani ya simu uandike mahali, tazama mita kumi kila upande kama kuna vingine, kisha kiache na upeleke taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri aifikishe kwa wahusika wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hairuhusu mtu kuchimba vitu hivyo bila leseni, na sioni sababu ya kutaka kuikwepa, kwani anayechimba kwa pupa anajinyima jibu analolitafuta.

Nataka pia jambo moja kutoka serikalini. Reli ya kisasa ya kutoka Tabora hadi Kigoma ina urefu wa kilomita 506, ukihesabu na njia za kupishana. Bomba la mafuta kutoka Hoima kwenda Tanga linapita mkoani Tabora. Miradi hiyo inakata ardhi ambayo hatujawahi kuiona kwa ndani. Kila ukuta wa mkato ni korongo ambalo asili haikutupa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya miradi mikubwa, na tathmini hugusa urithi wa kale. Hilo halitoshi ikiwa taarifa zake zinabaki kwenye faili. Ziandikwe kwa Kiswahili, kwa kurasa chache zenye picha za kwatzi iliyopondwa juu ya jiwe, si picha za Isimila tena, na zigawiwe kwa shule zilizo kando ya njia hiyo, na kwa wasimamizi wa mashine za kuchimba, ambao ndio wa kwanza kuona ukuta ukiwa bado na unyevu.

Walimu wa historia wasisubiri faili hizo. Ndoo moja ya kwatzi inatosha kwa somo la vipindi viwili. Wanafunzi wavae miwani na wakae nje kwenye upepo, kwa kuwa vumbi la kwatzi linaumiza mapafu. Kundi moja ligonge ukingoni kwa jiwe, la pili liponde juu ya jiwe la chini, la tatu litumie nyundo ya chuma, la nne livurumishe mawe juu ya mwamba na kuokota yaliyovunjika. Kila kundi litandaze vipande vyake vyote juu ya gunia, hata vumbi, kisha makundi yabadilishane na kuulizana ni kazi ya nani. Mwalimu ahesabu pembe butu ubaoni kama alivyofanya Barnes. Somo likiisha, vipande visimwagwe uwanjani wala kando ya mto. Vifukiwe shimo moja pamoja na sarafu ya mwaka huu, ili atakayelichimba shimo hilo baadaye asije akaanzisha Kafuan nyingine.